Kuzima Si Kupoa

Mwaka jana niliacha kubeti. Nilifuta programu zote kwenye simu, nikamwambia Mama ukweli: karo ya mdogo wangu ya muhula wa pili niliila mimi. Alinyamaza tu. Miezi miwili baadaye bado alikuwa analala na simu yake chini ya mto. Nikakasirika. Si nimeacha? Anataka nini tena?

Siku hizo nilikuwa nasoma kuhusu Fukushima. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipopiga Japani, vinu vitatu vya nyuklia vilivyokuwa vikifanya kazi pale vilijizima vyenyewe. Fito za kudhibiti ziliingia, atomu za urani zikaacha kupasuliwa kwa mfululizo. Sekunde chache tu. Lakini mabaki ya atomu zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto: takriban asilimia 6 ya nguvu ya kinu mara tu kinapozimwa, na baada ya siku nzima bado karibu nusu asilimia. Usiidharau hiyo nusu. Kwenye kinu kikubwa ni megawati kadhaa, na haina swichi. Inataka maji, na maji yanataka pampu, saa baada ya saa.

Haikupita hata saa moja, tsunami ikafurika jenereta za dizeli. Umeme ukapotea. Wafanyakazi walichomoa betri za magari wapate kusoma vipimo gizani, wakaleta magari ya zimamoto kusukuma maji ya bahari. Hata hivyo, mafuta ya nyuklia yaliyeyuka katika vinu vyote vitatu. Vinu ambavyo tayari vilikuwa vimezimwa.

Hapo ndipo nilipoacha kumkasirikia Mama. Kuacha kosa ni jambo moja. Joto lake ni jingine, na halijali kwamba nimetubu.

Utaniuliza: kwa hivyo mkosaji alipe milele? Hapana. Joto la kinu hupungua kila siku, na hilo ni kweli vilevile. Swali ni nani abebe maji wakati linapungua. Mimi nilitaka Mama abebe: anisamehe haraka ili nijisikie vizuri. Yaani nilimchomea nyumba, halafu nikamkabidhi ndoo.

Sasa kila Ijumaa namtumia shilingi 500 za karo. Simu bado iko chini ya mto. Sijamuuliza.