Hesabu ya Vyandarua

Hoja ya vyandarua imenichosha. Majuzi, kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, tuliombwa mchango wa mtoto mwenye retinoblastoma, saratani ya jicho inayompata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Mwenzetu mmoja, msomi wa kutajika, akaandika kwamba hela hizo zikinunua vyandarua zitaokoa watoto wengi zaidi. Akasifiwa kwa busara, na mchango ukafia hapo.

Hisani ni nini na busara ni nini, wenye vitabu wameshaeleza. Mimi nina kesi na hoja yenyewe. Asili yake ni ya heshima: katika insha yake ya 1972, mwanafalsafa Peter Singer alishikilia kwamba umbali wa anayeteseka haupunguzi wajibu wetu kwake. Lakini Singer alikuwa akiwabana wenye nacho kuhusu anasa zao. Mwenzetu kambana nani? Mtoto mgonjwa. Kundi hilohilo lilikuwa limetoka kuchangia harusi, kuanzia ukumbi na keki hadi mshereheshaji, wala hakuna aliyemkumbuka mbu. Nikamuuliza ametuma shilingi ngapi za vyandarua. Akanijibu kwa emoji ya kucheka.

Tena hoja hiyo hudhani kwamba ugonjwa ukiwa adimu, basi tiba yake ni ghali. Dalili ya kwanza ya retinoblastoma mara nyingi ni mboni kung'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa flashi. Saratani ikiwahiwa ingali ndani ya jicho, kuliondoa jicho hilo mara nyingi kunatosha kumponya mtoto. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona. Kwetu wengi hufikishwa hospitali jicho limeshatokeza nje, baada ya dawa za matone zisizosaidia, nauli kukosekana, na wazazi kukimbia waliposikia jicho litolewe. Basi anayetaka kutoa kwa akili atoe nauli, malazi ya mama, jicho la bandia, na mafunzo kwa muuguzi wa kliniki ya watoto ili amulike mboni za kila mtoto anayempima uzito. Kwamba michango mingine huliwa njiani, ni kweli: lipa hospitalini na udai risiti.

Halafu kuna mtafiti Alfred Knudson, ambaye sichoki kumtaja. Mwaka 1971 alichambua wagonjwa 48 wa retinoblastoma, akapendekeza kwamba saratani hiyo huhitaji mapigo mawili kwenye chembe za urithi. Jeni yenyewe, RB1, ilipatikana 1986, na hitilafu zake zimeonekana pia katika saratani za watu wazima, ikiwemo ya mapafu. Ugonjwa wa wachache ukawafumbua macho wanaotibu wengi.

Utamu wa hadithi hiyo una mtego, maana ukimtetea mtoto kwa faida atakayowaletea wengine, umeshakubali apimwe kwa mizani ileile ya vyandarua. Malaria nayo inaua kweli. Akija mtu mwenye laki moja na nia safi, ambaye hakika atanunua vyandarua, nitamwambia nini? Sina jibu la kumshinda. Ila mtu huyo, katika kundi letu, bado hajajitokeza.