Kinga na Deni

Msomaji, Ngome ya Yesu iliyo katika Mji wa Kale wa Mombasa ilijengwa kuwa kinga, ikageuzwa gereza mwaka 1895. Jeni ya selimundu ina sura mbili vivyo hivyo. Mwaka 1949 Anthony Allison aliiona kuwa nyingi pwani ya Kenya na haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: airithiye kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, bali airithiye kwa wazazi wote wawili huugua. Mtihani huishia hapo, dhamiri haiishii. Ikiwa kitu kimkingacho mmoja ndicho kimtesacho mwenzake, mwenye kinga ana deni. Basi umwonapo mgonjwa wa selimundu, usimwite mwenye laana. Mlipe heshima na msaada.