Darsa la Ramadhani, Siku ya 19: Uzi Uliokwisha Kusokotwa



Alhamdulillah, tumefika siku ya 19. Kesho baada ya magharibi tunaingia kumi la mwisho, inshaallah. Leo nataka tuzungumze habari ya uzi. Usishangae. Mfungo wako wa leo umeanza kwa uzi.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa usiku mpaka utubainikie uzi mweupe wa alfajiri kutoka katika uzi mweusi. Sahaba Adiy bin Hatim (r.a.) alipoisikia aya hiyo alichukua kamba mbili, nyeusi na nyeupe, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku. Hakuona tofauti yoyote. Asubuhi akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akamfahamisha kwamba makusudio ni giza la usiku na weupe wa mchana. Basi kila siku tunaacha kula kwa sababu ya uzi huo wa mbinguni, nasi hapa Iringa na Mbeya, kwa mawingu na mvua ya msimu huu, tunautafuta kwa saa na adhana maana hata kuuona hatuuoni.

Lakini kuna uzi mwingine ndani ya Qur'an, na huo ndio ninaotaka tuushike leo. Uko katika Surat An-Nahl, aya ya 92. Mwenyezi Mungu anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaukatakata na kuufumua. Baadhi ya wafasiri wamesema alikuwa mwanamke wa kweli pale Makka, akisokota kisha akifumua kazi yake mwenyewe. Wengine wamesema ni mfano tu. Vyovyote iwavyo, picha unaiona: kazi ya mikono na macho, halafu imerudi kuwa manyoya.

Aya hii mmeisikia sana kwenye mimbari, hasa mwisho wa Ramadhani. Tunaambiwa: umesali tarawehe mwezi mzima, umekhitimisha msahafu, basi ukifika Shawwal usifumue ulichosokota. Ni mawaidha mazuri na ya kweli. Lakini hebu nikuulize: aya yenyewe ilikuwa inazungumzia nini?

Mwezi wa nane mwaka jana tulisafiri na walimu wenzangu wa madrasa, tulikuwa wanne, kutoka Iringa mpaka Mbeya kwenda Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Mnajua ile safari: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, unafika Uyole umekwisha kuvaa kila ulichobeba. Wenzetu wawili walitaka kuona mbegu na ng'ombe wa maziwa. Mimi na ustadhi mmoja baridi ilitupeleka kwenye mabanda ya wajasiriamali, upande wa akina mama wanaofuma. Palikuwa na masweta, mitandio, soksi za watoto, vitambaa vya kroshia vya makochi, vikapu vya milulu vya kwetu Iringa, mikeka ya ukindu kutoka Kyela, na madonge ya nyuzi ya kila rangi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na sweta la mtumba mapajani. Analifumua. Anavuta uzi, anauviringa, donge linakua, sweta linapungua. Ustadhi wetu ni mtu wa mzaha, akamwambia, "Mama, sisi kwenye kitabu chetu kuna mwanamke alisemwa vibaya kwa kazi kama hiyo." Yule mama alikuwa Mlutheri, akacheka, akauliza alisemwa kwa nini. Tukamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mimi nafumua ili nifume, baba. Wanaofumua na kuacha ni wateja."

Akatuonyesha mfuko chini ya meza. Masweta 30 ya shule, rangi ya damu ya mzee, na mistari ya njano shingoni. Mtu mwenye tenda ya sare alikuja, wakakubaliana rangi, saizi na bei. Uzi aliununua kwa mkopo wa kikundi, ule wa kurejesha kila wiki. Akafuma na binti yake usiku na mchana. Alipomaliza akapiga simu, haikupokelewa. Baadaye akasikia kwamba yule bwana amepata ya bei rahisi kwa mtu mwingine. Masweta ya rangi ya shule fulani utamuuzia nani? Na mkopo unaendelea kudai.

Kisha akasema kwa adabu, tena kwa sauti ya chini, "Alikuwa ndugu yenu, shehe. Mtu wa kofia."

Ndugu yangu, jibu la kumpa hatukuwa nalo. Tulinunua mitandio miwili, tukamwombea heri, tukaondoka.

Sasa turudi kwenye aya. Ukisoma aya inayotangulia, ya 91, utaona amri ni kutimiza ahadi ya Mwenyezi Mungu tunapoahidi, na kutovunja viapo baada ya kuvithibitisha hali tumemfanya Yeye kuwa mdhamini wetu. Hapo ndipo mfano wa uzi unapokuja. Na kipande kinachofuata ndani ya aya hiyohiyo ya 92 kinataja sababu ya watu kufumua: kwamba kundi moja limekuwa kubwa au lina nguvu kuliko lingine. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu walikuwa wakifunga mapatano na kabila moja, halafu wakiona kabila jingine lina watu wengi zaidi na nguvu zaidi, wanawatupa wa kwanza na kwenda kwa wa pili.

Umeona? Aya inamzungumzia mtu aliyefunga mapatano, kisha kikatokea chenye faida zaidi. Ni yule bwana wa masweta. Tumeichukua aya ya mikataba tukaifanya aya ya tarawehe peke yake. Tarawehe imo, kwa sababu ibada nayo ni ahadi na Mola. Lakini tukiishia hapo tunakuwa tumejipunguzia mzigo.

Najua maswali yenu, maana nimeyasikia dukani na sokoni.

La kwanza: "Shehe, hatukuandikishana, na kianzio sikutoa. Hiyo si ahadi tu ya mdomo?" Imam An-Nawawi katika Al-Adhkar ameeleza tofauti za wanazuoni. Wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamesema kutimiza ahadi ya hiari ni jambo lililohimizwa sana, na kuivunja ni karaha kubwa. Wengine, akiwemo Umar bin Abdul-Aziz, wamesema ni wajibu. Wamaliki wametazama hali ya aliyeahidiwa: kama kwa ahadi yako ameingia gharama, basi imekufunga. Na hayo ni katika ahadi tupu. Oda yenye idadi, rangi na bei iliyokubaliwa imeshasogea mbele ya hapo. Wahanafi wana mlango wake mzima, wanaiita istisnaa, yaani mapatano ya kutengenezewa kitu. Kwa hiyo usikimbilie neno "mdomo". Kalima ya shahada uliitamka kwa mdomo. Mkeo ulimuoa kwa mdomo.

Na hata kama mtu atashikilia kauli nyepesi kuliko zote, namuuliza: tangu lini muumini akatafuta sehemu nyembamba ya sheria ili apitishe hasara yake kwenda kwa mwenzake? Mtume (s.a.w.) ametaja alama tatu za mnafiki, na moja ni kwamba akiahidi hatimizi. Hakusema akiandikishana.

La pili: "Na kama kweli sina uwezo? Tenda imefutwa, mimi nifanyeje?" Hapa tuwe waadilifu. Aliyekusudia kutimiza kisha akazuiwa, wanazuoni hawamweki pamoja na aliyedanganya. Lakini kuna tofauti kati ya kushindwa na kupata rahisi zaidi, na moyo wako unaijua tofauti hiyo hata ukitufichia sisi. Aliyeshindwa anapokea simu. Anakwenda mwenyewe, anasema, "Mama, nimekwama, tugawane hii hasara, nichukulie kumi sasa na mengine nitafutie mteja." Anayezima simu ameshajihukumu mwenyewe.

La tatu: "Lakini biashara ni biashara, bei ikishuka kwingine lazima ufuate." Kufuata bei ni halali kabla ya kukubaliana. Baada ya kukubaliana, bei iliyoshuka kwingine si yako tena. Ndiyo maana ya kukubaliana. Kama neno lako linasimama mpaka pale tu linapokufaa, basi hukutoa neno, ulitoa ubashiri wa hali ya hewa. Na mwenzako alifuma usiku kucha akidhani ni neno.

Tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Kabla ya utume, akiwa kijana, alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an pale Makka. Chanzo chake ni nini? Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa Makka, Al-As bin Wail, naye akachukua mali na akakataa kulipa. Mgeni yule hana kabila pale, hana wa kumtetea, akasimama akalalamika hadharani. Watu wenye murua wakakutana, wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa hata awe nani. Na baada ya Uislamu Mtume (s.a.w.) aliyasifu mapatano yale, akasema lau angeitwa kwayo wakati huo angeitika. Mdai wa siku ile hakuwa jamaa yake, wala aliyekaa katika nyumba ile hakuuliza ni wa dini gani. Waliuliza kama amedhulumiwa.

Nasi tunaishi Nyanda za Juu Kusini, tukiwa wachache katikati ya majirani Wakristo. Wengi wao hawataifungua tafsiri ya Qur'an maishani mwao. Watakusoma wewe. Mbele kidogo katika sura ileile, aya ya 94, tumeonywa kwamba anayefanya viapo kuwa hila atateleza mguu baada ya kuwa imara, na ataonja ubaya kwa kuwazuia watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Ibn Kathir ameeleza: asiye Mwislamu akimwona Mwislamu anavunja ahadi, hawezi kuiamini dini yake. "Mtu wa kofia." Ndugu zangu, maneno yale matatu yalinielemea kuliko baridi ya Uyole.

Nisije nikawasema wateja peke yao. Mafundi nanyi mpo humu. Fundi cherehani aliyepokea kitambaa cha kanzu tangu Shaaban, na kila siku anasema "njoo kesho", mpaka mtoto wa watu anasali Idd na nguo ya zamani, naye anafumua. Ukijua kazi imekujaa, sema imejaa. Hiyo ni ibada.

Na thamani ya kazi ya mkono tunaifahamu sisi watu wa huku. Iringa mjini, Neema Crafts, tangu 2003 viziwi na wenzetu wenye ulemavu wanaishi kwa kazi za mikono, kufuma ikiwa mojawapo. Vijijini mama wa Kihehe anasuka kikapu cha milulu jani kwa jani. Mtu wa namna hiyo ukimvunjia neno, umechukua siku za uhai wake ambazo hakuna duka linaloziuza. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake akafanya hiana, na mwingine ni aliyemtumikisha mtu akachukua kazi yake kamili bila kumpa ujira.

Jambo la mwisho. Aya ya uzi wa alfajiri ni ya 187. Unajua ya 188 inasema nini? Inakataza kuliana mali kwa batili. Zimewekwa jirani. Mchana umeacha ugali wako mwenyewe, ulioununua kwa halali yako, kwa ajili ya Allah. Itakuwaje basi ufuturu kwa jasho la mwenzako?

Na kufumua si kubaya kila mahali. Mfumaji akiona kitanzi kimeruka, anafumua mpaka pale penye kosa, anaanza tena. Hiyo ndiyo toba. Siku zilizobaki zinatosha. Basi kazi ya leo ni hii: baada ya futari, kabla ya tarawehe, fungua simu yako, tafuta namba moja uliyoacha kuipokea. Fundi, kibarua, mpangaji, mwenye duka. Piga wewe. Kama unaweza kulipa, lipa. Kama huwezi, sema lini na kiasi gani, na neno hilo jipya ulishike. Kama mtu huyo si Mwislamu, usilichelewe zaidi.

Allahumma zitakabali saumu zetu, zitie nguvu ahadi zetu, na utulipie madeni tuliyoshindwa kuyalipa. Wape rizki ya halali wote wanaokula kwa kazi ya mikono yao. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho, inshaallah. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.