Kumsikiliza Si Kumtetea

Washirika wameniuliza mara nyingi: mshauri anayemsikiliza mlevi saa nzima bila kumkemea, si anaibariki dhambi?

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alisomea uchungaji kabla ya kugeukia saikolojia. Mwaka 1957 aliandika kwamba mshauri awe mkweli, amkubali mtu bila masharti, na amwelewe jinsi anavyojiona mwenyewe.

Hapo kwa "bila masharti" ndipo wengi wetu tunashtuka. Lakini kumkubali mtu si kukubali kitendo chake. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naona hivi: mfanyabiashara akijua utamfokea, atakuficha madeni, na wewe utamshauri kwa hesabu ya uongo. Mlevi naye ukianza na kukemea, atakutajia chupa mbili kumbe ni kumi. Utaombea nini sasa?

Ila kusikiliza kuna mpaka. Kama nyumbani kuna kipigo, usalama wa mama na watoto unatangulia. Usiwaketishe na anayewapiga eti mnapatanisha.

Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa faraja. Walipoanza kumhukumu, wakawa mzigo.

Wiki hii, kabla ya kumkemea mtu wa nyumbani kwako, muulize swali moja, kisha nyamaza mpaka amalize. Ukweli utausema, lakini utausema ukijua unamwambia nani.