KIJANA, UMEFICHA NINI?

Kijana mwenzangu, chupa unaificha chini ya kitanda, lakini harufu mama anaisikia. Najua, maana hata mimi nilificha.

Sikia. Mwezi wa tano mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Mpango wake wa biashara umevunjika, yuko peke yake hotelini, na baa iko hapo hapo. Akakimbilia SIMU! Akaulizia mlevi yeyote wa kuongea naye. Akakutanishwa na daktari mmoja, Bob Smith. Hakumhubiria (na sisi wahubiri tusikie hapo!). Alimsimulia tu jinsi pombe ilivyomtenda yeye, saa nyingi. Daktari aliteleza mara moja, kisha tarehe 10 Juni akanywa ya mwisho. Hao wawili ndio walioanzisha Alcoholics Anonymous.

Hata yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 (Marko 5), Yesu hakumwacha aondoke kimya kimya. Alieleza yote mbele za watu.

Mimi nilimwambia fundi cherehani, jirani yetu. Nilianza na neno moja tu: "Nimeshindwa." Akasimamisha cherehani, akanivutia stuli. Wewe utamwambia nani leo?