Je, Mafungo ni Kukimbia Kazi?

Kila mara tangazo la mafungo linaposomwa kanisani, wako wakristu wanaonung'unika moyoni. Husema: «Shamba langu linaota majani, watoto wanataka chakula, wagonjwa wa mtaa wanangoja kuangaliwa; nami niende kukaa kimya siku tatu? Je, Mungu hupendezwa na uvivu?» Neno hilo tusilidharau, kwani mara nyingi anayelisema ndiye mkristu mwenye bidii. Basi tulipime sawasawa: mtu anayejitenga na kazi ili akae na Mungu, anautimiza wajibu wake au anaukimbia?

Kwanza tuwatazame wavuvi wa ziwa Tanganika. Wao huvua ndakala usiku wa giza, kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, nao hukaa pwani wakishona nyavu. Hakuna awaitaye wavivu. Mvuvi asiyetenga siku za kushona wavu ataingia ziwani kwa bidii nyingi, na samaki watatokea matunduni. Vivyo hivyo roho ya mwanadamu hutoboka kidogo kidogo kwa hasira, kwa majivuno, kwa mazoea ya kusali bila kufikiri. Naye mwenyewe hatambui mpaka aketi na kuikagua.

Lakini mfano wa wavuvi hautoshi. Mafungo si matengenezo tu. Ni kukutana na Mungu. Jambo hili twaweza kujifunza kwa masista ambao kazi yao hasa ni kuwapokea watu katika mafungo.

Katika milima ya Ardèche, nchini Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho La Louvesc. Hapo alifariki mwaka 1640 padri Mjesuiti, Mtakatifu Jean-François Régis, na watu wakazidi kuja kusali kaburini pake. Padri Étienne Terme aliona ya kuwa wanawake waliokuja kuhiji hawakuwa na mahali pa heshima pa kulala. Mwaka 1826 akawafungulia nyumba na kuwaweka masista waiangalie. Mwaka 1828 alimfanya mkubwa wa nyumba hiyo sista kijana, Thérèse Couderc, aliyezaliwa mwaka 1805. Masista wakatambua ya kuwa haifai kumpa mgeni kitanda na kuiacha roho yake na njaa. Wakaanza kufundisha dini na kuongoza mafungo, wakiifuata njia ya Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Shirika lao huitwa kwa jina la Senakulo, ndicho chumba cha juu cha Yeruzalemu. Tukumbuke yaliyotokea humo. Bwana alikuwa amewaagiza Mitume waende ulimwenguni kote. Hata hivyo aliwaamuru wangoje kwanza. Wakangoja wakisali, pamoja na Maria Mama wa Yezu. Je, walipoteza siku? Siku ya Pentekoste Petro alitoka akahubiri mbele ya makutano, yeye aliyekuwa amemkana Bwana mbele ya mjakazi. Hapo twapata kipimo cha kwanza: mafungo ya kweli humrudisha mtu kwa watu. Anayejificha ili asiwaone jirani zake, huyo ndiye mkimbizi.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Padri Terme alifariki mwaka 1834, na baadaye shirika likaingia katika shida ya fedha. Mwaka 1838 Mama Thérèse aliondolewa katika ukubwa, na mahali pake akawekwa mjane mwenye mali aliyekuwa ameingia utawani karibuni. Huyo ndiye akaitwa mwanzilishi. Mama Thérèse akapewa kazi za mikono na kusahauliwa miaka mingi. Hakuondoka, wala hakuunda chama cha kujitetea. Mwaka 1864 aliandika juu ya kujitoa kabisa kwa Mungu, na hayo aliyoyaandika alikuwa ameyaishi kwanza. Alifariki mwaka 1885. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu.

Hapa mtu mwenye haki atauliza: je, kunyamaza namna hiyo si kuusaidia udhalimu? Swali ni la haki. Jibu letu ni hili: Mama Thérèse aliachilia cheo na sifa, vitu vilivyokuwa vyake mwenyewe. Aliyepokonywa mali yake aweza kusamehe. Lakini hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mjane aliyenyang'anywa shamba au kijana aliyepigwa bila kosa. Kimya cha mafungo hakimfundishi mtu kufumba macho mbele ya mateso ya wengine. Humfundisha kutenganisha maneno mawili yanayofanana sana mdomoni: «Natetea haki» na «Natetea jina langu». Katika makelele ya kila siku twayachanganya. Mbele ya Mungu hayachanganyiki.

Ndugu katekista, nawe huenda yatakupata hayo. Umefundisha wakatekumeni miaka mingi, kisha kazi yako inapewa mwingine, kijana mwenye masomo kukupita. Siku hiyo utajua kama ulimtumikia Bwana au kiti chako. Heri aliyejiuliza mapema, katika siku tatu za ukimya, kuliko anayeulizwa ghafula na moyo wake umejaa uchungu.

Basi tangazo likisomwa, mpange shamba na watoto pamoja na jirani, uende. Ukirudi, wa nyumbani kwako ndio watakaokuwa mashahidi: wakikuona mpole kuliko jana na hodari zaidi kwa kumtetea mnyonge, watajua ya kuwa hukukimbia kazi.