Kovu la Ubavuni

Palikuwa na mzee, fundi seremala, aliyetolewa figo moja kwa sababu ya saratani. Akapona, akarudi kwenye randa yake, na miaka 12 baadaye habari ile alikwisha kuisahau.

Siku moja, akifunga kanzu, vidole vikagusa uvimbe shingoni. Majirani wakasema ni rovu tu. Hospitali walivuta chembe kwa sindano nyembamba. Daktari akauliza, "Mzee, umewahi kuugua kitu kingine?"

"Hapana, mwanangu."

Hakukusudia kudanganya. Kwake, kilichopona kilikuwa kimekwisha. Basi kwenye fomu ya maabara pakaandikwa: uvimbe shingoni. Basi.

Chembe zile zilionekana angavu, kama vyumba visivyo na vyombo. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, nayo huweza kuota saratani ya sura hiyo, kwa hiyo majibu yakasema ni saratani ya tezi. Mzee akapasuliwa, akanyweshwa iodini ya mionzi. Miezi ikapita, uvimbe mwingine ukatokea.

Muuguzi kijana ndiye aliyeliona kovu ubavuni. "Babu, hapa palipasuliwa nini?"

"Figo, mjukuu wangu. Zamani hizo."

Kinyama cha tezi kikatolewa kabatini, kikapakwa rangi maalumu za kutafuta thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Haikuwamo hata chembe. Vipimo vilivyofuata vikathibitisha: ilikuwa saratani ya figo iliyohamia shingoni. Iodini haikuweza kuidhuru, maana chembe za saratani ya figo haziifyonzi, popote zilipo. Mgeni akilala kwako miaka mingi hageuki kuwa mwanao. Na wakati ule wote, mapafu nayo yalikwisha kuguswa.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini hatari yake ni ya kweli. Tezi hupitiwa na damu nyingi, na damu huweza kuleta saratani kutoka figo, mapafu, titi au utumbo. Ya figo huweza kunyamaza miaka 10, hata 20, kisha ikaibuka. Ikigunduliwa mapema ingali shingoni peke yake, upasuaji huweza kumrefushia mgonjwa maisha.

Ewe daktari, uliza habari za zamani na uziandike kwenye fomu. Anayetazama kwa hadubini haoni kovu. Nawe mgonjwa, mficha uchi hazai. Hata kile ulichopona, kitaje.